Fimbo Ipumzike Kidogo

Hapa Ipililo kitu kikitambaa, kinapigwa. Ndivyo nilivyoikuta desturi na huenda ndivyo nitakavyoiacha. Kikiwa kirefu kinapigwa kwa sababu ni kirefu. Kikiwa kifupi kinapigwa kwa sababu huenda ni mtoto wa kile kirefu. Kinyonga hupigwa mawe kwa kosa la kutembea polepole, mjusi kwa kosa la kutembea haraka. Kenge anakimbizwa na kijiji kizima, mbwa wakiongoza, na jua likizama hakuna anayekumbuka kenge aliiba nini. Mimi bibi yenu nimeyaona haya tangu pamba ikibebwa kwa mikokoteni ya ng'ombe hadi leo inapobebwa kwa malori, na hasira zimeniisha. Hasira ni kazi ya vijana. Nimebaki na kicheko, na maneno machache ambayo mtayasikia leo na kesho mtayasahau, maana hata mama zenu waliyasahau. Hakuna ubaya. Nitayarudia.

Nianze na chura, ambaye hata fimbo hatumpotezei. Tunamwacha na kelele zake tukalala. Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, nasi tuliipokea methali hiyo kwa mikono miwili kwa kuwa inatupa ruhusa ya kutosikiliza. Lakini wahenga hao walikuwa na malambo yaliyojaa kelele. Hawakuwa na haja ya kujiuliza ng'ombe afanyeje siku lambo likinyamaza. Nyinyi mnayo haja hiyo. Zamani mvua za kwanza zikipiga, usiku wa huku majarubani haukulalika. Vyura wakubwa waliojifukia ardhini kiangazi kizima walitoka na njaa zao na hamu ya kuoa, wakatangaza mambo yao yote hadi alfajiri. Sasa yapo malambo ambayo ukikaa kando yake jioni unasikia mbu tu.

Chura hanywi kwa mdomo. Maji huingia mwilini mwake kupitia ngozi, na sehemu ya pumzi yake hupita humo humo. Kwa hiyo chochote mnachomwaga majini, yeye amekwisha kukinywa kabla ng'ombe hajafika. Na mnamwaga nini? Msimu wa pamba mtu anapulizia shamba tangu asubuhi, funza wa vitumba wamemsumbua, jua limemchoma, bomba limemvujia mgongoni, namhurumia. Akimaliza anatafuta maji ya kuliosha, na lambo lipo jirani. Analitumbukiza bomba, analisukasuka, povu jeupe linatandaa, kisha anaenda zake nyumbani kula michembe. Si mtu mbaya huyo. Amechoka, basi, na uchovu umefanya madhambi mengi kuliko uovu.

Viluwiluwi hufa kimya kimya. Mbu nao hufa, lakini mbu huzaa upesi na kurudi upesi, wakati chura inabidi angoje mvua ya mwaka mwingine. Baada ya misimu kadhaa mtu yule yule anakuja kwangu kulalamika: wadudu wameongezeka, dawa ya mwaka huu haina nguvu, ameuziwa maji dukani. Huenda ameuziwa maji kweli. Ila chura alikuwa anakula wadudu usiku kucha bila kudai hata senti, na bure ya namna hiyo ukiipoteza huwa ghali.

Wahindi waliyajua haya kwa njia ya soko. Kwa miaka mingi India iliuza miguu ya vyura nchi za nje, ikaishia kwenye meza za Ulaya na Marekani, na fedha za kigeni zikaingia. Vyura walikusanywa mashambani usiku, kwenye majaruba ya mpunga hasa, na aliyewakusanya alikuwa mkulima maskini mwenye watoto wa kulisha, huwezi kumnyooshea kidole. Kisha watu wakaanza kusoma ukurasa wa pili wa daftari: wadudu waliobaki shambani, na dawa za kuwaua ambazo nazo zinanunuliwa kwa fedha. Mwaka 1987 serikali ikaipiga marufuku biashara hiyo. Walaji hawakuacha kula, wala msidhani walitubu. Walihamia kwa muuzaji mwingine, na leo sehemu kubwa ya miguu ya vyura inayoliwa Ulaya inatoka Indonesia. Soko ni soko. Ukifunga kibanda chako, jirani anafungua chake.

Na mbu je? Huko Amerika ya Kati, Costa Rica na Panama, kuanzia miaka ya 1980 ugonjwa wa kuvu ulipita ukiua vyura, eneo baada ya eneo, kutoka magharibi kwenda mashariki. Watafiti wakakaa na takwimu za hospitali na za vyura, wakazilinganisha, na mwaka 2022 wakachapisha walichokiona: vyura walipoisha mahali, malaria ilipanda mahali hapo hapo, ikabaki juu kwa miaka kadhaa. Mimi nimelea watoto katika malaria, sihitaji kuambiwa mara mbili. Kuvu hiyo imewapunguza vyura na jamaa zao wa aina 500 hivi duniani, na aina 90 kati ya hizo zinadhaniwa zimetoweka kabisa. Tathmini ya mwaka 2023 inasema aina mbili katika kila tano za viumbe hawa ziko hatarini.

Msidhani kuvu hiyo iko mbali. Ilifika Kihansi.

Kihansi ni mto wa milima ya Udzungwa, unaoporomoka kwa kishindo ndani ya korongo refu. Mwaka 1996, ndani ya manyunyu ya maporomoko hayo, wataalamu walimkuta chura wa rangi ya njano, mdogo wa kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba, ambaye hatagi mayai: huzaa watoto waliokamilika, miguu yao minne tayari. Makazi yake yote duniani yalikuwa kama hekta mbili. Hapa Ipililo kuna watu wenye shamba la pamba kubwa kuliko hilo. Bahati yake mbaya, alionekana wakati ujenzi wa mradi wa umeme umekwisha kuanza. Megawati 180 si mchezo, nchi ilikuwa gizani, nami siwezi kumlaumu aliyetaka taa wakati mjukuu wangu ananisomea gazeti kwa umeme wa gridi hiyo hiyo.

Mwaka 2000 maji yakageuzwa kuelekea kwenye mitambo, mtiririko wa korongoni ukapungua kwa asilimia 90 hivi, na yale manyunyu yakakauka. Wakafunga mabomba ya kunyunyizia ili kuiga maporomoko. Vyura wakaitika, wakaongezeka hadi maelfu. Halafu mwaka 2003 wakaanguka ghafla, na kuvu ikakutwa miongoni mwao. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena.

Kilichomwokoa ni safari. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura karibu 500 walikuwa wamepandishwa ndege kwenda Marekani. Hebu fikirini, chura wa Udzungwa anapanda ndege kabla yetu! Wengi walikufa huko kabla walezi wao hawajajifunza maji gani yanawafaa, mwanga kiasi gani, mdudu wa ukubwa upi. Waliobaki wakazaana kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, na mwaka 2010 mia moja wakarudishwa nyumbani, wakapokewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tangu mwaka 2012 wamekuwa wakirejeshwa korongoni kwao. Sasa pigeni hesabu ya ndege, vyumba vya kioo, wataalamu wa mabara mawili na miaka zaidi ya kumi, yote kwa ajili ya kiumbe aliyekuwa akiishi kwa manyunyu ya bure. Ilistahili kufanyika. Ila hakuna mama anayekwenda mnadani kukinunua tena chungu chake mwenyewe akafurahia bei.

Tunaye na wa kwetu kabisa. Mmemwona kwenye vilima vya mawe kobe yule bapa kama chapati, mwenye gamba linalobonyea, anayejibana kwenye nyufa hata huwezi kumtoa? Wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1903, kutokana na kobe aliyepatikana Busisi, pale pale ambapo leo daraja kutoka Kigongo linatua baada ya kuvuka ziwa. Usukumani. Hutaga yai moja kwa wakati. Moja tu! Ukimchukua mama leo ukamuuzia mgeni, umeuza na vitukuu. Kwa miaka mingi walitiwa masandukuni wakapelekwa ng'ambo kuwa mapambo ya nyumba za watu, na waliowatoa walivunja nyufa kwa mitaimbo, nyumba ikaharibika pamoja na mwenye nyumba. Tanzania ilizuia usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, na mwaka 2019 mkataba wa kimataifa wa CITES ukafunga biashara ya kobe huyu wa porini. Kijana aliyelipwa vijisenti kwa kumkamata bado anaishi kijijini kwake, na hakutajirika.

Mjusi kafiri nitampitia haraka. Hana sumu, na anakula mbu ukutani kwako. Akianguka kwenye sufuria ya mboga, mwaga mboga, hapo sina ubishi, maana hujui alipita wapi. Lakini kumwaga mboga ni jambo moja, kumfuata kwa ufagio hadi darini ni lingine. Kinyonga naye hana sumu, na hakuna kinyonga popote duniani mwenye sumu. Masimulizi ya makabila mengi ya Afrika yanasema alitumwa kuwaletea watu habari kwamba hawatakufa, akachelewa njiani. Kama ni kweli basi tunamwadhibu kwa kosa la tarishi, na wangapi kati yenu mmetumwa dukani kununua chumvi mkarudi ugali umekwisha kuliwa? Kenge wanamsema kwamba hasikii mpaka damu imtoke masikioni. Mimi nimeishi na wanadamu muda mrefu, na naona kenge kasingiziwa.

Sasa nyoka. Hapa najua mmeacha kumenya karanga.

Kuogopa nyoka si upumbavu, na aliyewahi kuumwa akishtushwa na ung'ongo namwelewa. Wengi wanaouawa hapa kijijini hawana sumu ya kumdhuru mtu, ila simshauri mtu awashike kwa sababu hiyo, maana jicho lenye hofu halitofautishi nyoka na nyoka. Mwacheni apite. Watoto wasogee, mbwa aitwe, naye akiona njia wazi ataishika. Tatizo langu ni yule wa shambani, au aliyekuwa kando ya kihenge akijitafutia panya. Penye mahindi pana panya, penye panya pana nyoka. Tukimuua nyoka tunakwenda gulioni kununua sumu ya panya. Sumu inamuua paka. Na panya wanabaki kwenye kihenge wakifanya harusi. Nimeiona hesabu hiyo ikirudiwa nyumba hii hadi ile, na kila mara mwenye nyumba hushangaa.

Wazee wetu hawakuwa wote watu wa fimbo. Bayeye walikuwa chama kizima cha wenye elimu ya nyoka, waliowakamata, wakacheza nao ngomani, wakawatibu walioumwa. Baada ya mavuno, vyama vya ngoma vya Bagalu na Bagika vikishindana, chatu akitolewa sandukuni uwanja wote ulirudi nyuma, hata wale waliotamba kwamba hawaogopi. Ukienda makumbusho ya Bujora, kule Kisesa, utakuta habari zao. Na kusini, Liwale na Newala, enzi za ukoloni palikuwa na Mwingereza mmoja, Ionides, bwana nyama aliyeishia kuitwa Bwana Nyoka. Watu walimletea habari kwamba yule wa kijani mwenye sumu kali yuko juu ya mwembe, naye akaja na mti wake mrefu wa kukamatia, akamteremsha, akamtia mfukoni mzima mzima. Alikamata maelfu kabla ya kufa mwaka 1968. Kumbe fimbo ina kazi nyingine pia.

Na nyinyi wenzangu wa presha, msikilize. Kaptopril, kidonge kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1981 na kikaenea dunia nzima, kilitokana na utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazili aitwaye jararaka. Namjua mzee anayemlaani nyoka asubuhi, kisha anaomba kikombe cha maji ameze dawa yake.

Lakini hata kama mngewaua wote mliowaona, yule msiyemwona ndiye huuma. Kifutu hulala njiani bila kutikisika, rangi yake ni ya majani makavu, na hakimbii akisikia hatua zako. Anategemea usimwone, nawe unamkanyaga. Hapo ndipo upumbavu wetu mkubwa huanza, na nimeuona ukianza kwa namna ile ile kila mara. Wanaume wanaacha mgonjwa wanamkimbilia nyoka. Mmoja anakuja na kamba anaukaza mguu. Mwingine ana wembe anachanja. Wa tatu anakwenda kuazima jiwe jeusi la nyoka, na mwenye jiwe hayupo, anangojwa. Kisha mganga. Kisha kuku wa mganga. Siku ya tatu ndipo mtu anafikishwa hospitali, mguu umekuwa mweusi, na daktari anaulizwa kwa ukali kwa nini anataka kuukata.

Sumu ya kifutu huvimbisha na kuozesha nyama. Ukifunga kwa kukaza, umeizuia ikae mahali pamoja iendelee na kazi yake, na damu safi umeifungia nje. Wembe unaongeza kidonda juu ya kidonda. Jiwe halivuti chochote. Linaonekana kuponya kwa sababu wengi huumwa na nyoka asiye na sumu, au mwenye sumu ambaye hakuitoa, na hao wangepona hata mngewawekea kipande cha muhogo. Sumu ya koboko na ya swila wengi ni nyingine: inalegeza misuli hadi ya kupumulia, na mgonjwa anahitaji kusaidiwa kupumua mahali penye vifaa. Swila anayetema akikupata machoni, osha kwa maji mengi safi, muda mrefu, bila kusugua, kisha nenda zahanati hata kama maumivu yamepungua.

Aliyeumwa alazwe, atulizwe, avuliwe pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujafika. Kiungo kilichoumwa kisitikisike. Na hapa ndipo ile fimbo yenu inapata heshima: iwekwe kando ya mguu, ifungwe kwa kanga bila kukaza, iushike mguu usiyumbe. Nyoka mwacheni aende. Daktari hahitaji maiti yake, akielezwa rangi na umbo na kuona dalili inamtosha, na nimeshuhudia mtu akiumwa na nyoka aliyedhaniwa amekufa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, na kati yao 81,000 hadi 138,000 hufa. Wanaokatwa viungo au kubaki na ulemavu ni kama mara tatu ya waliokufa. Ni wakulima, wachungaji, watoto wanaokwenda kuokota kuni. Mwaka 2017 ndipo shirika hilo liliiweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika. Dawa yake haikuwa siri muda wote huo: tangu miaka ya 1890 inajulikana kwamba farasi akidungwa sumu kidogo kidogo mwili wake hutengeneza kinga, na kinga hiyo ikichujwa kutoka kwenye damu humponya mtu. Ila ni ghali kutengeneza, na mnunuzi wake ni mimi na wewe. Kampuni ya Sanofi Pasteur ya Ufaransa iliacha kutengeneza Fav-Afrique, iliyokuwa ikitegemewa Afrika, mwaka 2014, na shehena ya mwisho muda wake ukaisha mwaka 2016. Mfanyabiashara haweki rafuni kitu ambacho maskini anakitaka kwa machozi na hana cha kukilipia. Tumebaki na chache zinazotoka kwingineko, na si kila kituo kinazo.

Ndiyo maana dawa tunayoweza kuitengeneza wenyewe ni mwendo. Nepal wanalima mpunga kwenye majaruba, wanatembea peku, wanaumwa. Sehemu moja huko walielimisha watu, wakapanga vijana wenye pikipiki wa kujitolea: mtu akiumwa anapigiwa simu aliye zamu, mgonjwa anakaa katikati, dereva mbele, mtu mwingine nyuma akimshikilia asianguke. Vifo vya walioumwa vikashuka kutoka 10 hivi kati ya kila 100 hadi chini ya mmoja.

Ipililo bodaboda zimejaa mpaka kuku hawana pa kuvukia. Chagueni wawili wa zamu za usiku, namba zao ziandikwe ukutani zahanati na pale kilabuni pia, maana najua mnakokesha. Mwenyekiti aulize mapema, msimu wa kilimo haujaanza, ni hospitali ipi upande wa Maswa au Bariadi ina dawa ya sumu ya nyoka kwenye jokofu, asiulize wakati mtu analala chini anatokwa povu. Na nauli mtapatana mkisharudi.